Barua ya Mama Zuwena

Mimi ndiye niliyemwambia Mama Zuwena aje benki mapema. Nalisema hili mwanzoni nisije nikapata pa kujificha.

Zuwena alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa pale Mtendeni. Ni mjane, mkali kweli. Ukimpelekea mahindi ambayo hayajakauka anakurudisha nayo mbele ya watu. Alikopa kwetu milioni kumi na mbili, dhamana ikiwa mashine yenyewe, akalipa miezi kumi na tisa bila kukosa. Kisha dola ikaadimika. Nchi nyingi zilikuwa zimezidiwa na madeni, na benki za nje zilizotukopesha zikaanza kudai chao. Mota ya Zuwena iliungua wakati huohuo, na bei ya mpya ilikuwa imepanda maradufu. Mashine ikakaa kimya wiki tano.

Mimi ni ofisa mikopo, mzaliwa wa Gongoni. Kwetu muungwana akikwama humfuata mdai wake kabla ya siku, akakiri, wakapangana upya. Marehemu baba alinilea hivyo. Nikamwambia, "Mama, usisubiri. Njoo uandike kwamba umekwama, utapewa nafasi."

Alikuja amevaa baibui lake la sikukuu. Akaandika kwa mkono wake kwamba miezi mitatu ijayo hataweza kulipa. Niliigonga muhuri barua ile nikijiona mtu mwema sana.

Wiki hiyohiyo tulimfuata Bwana Ngassa. Yeye haji benki, huendewa. Ana malori ishirini na mawili, deni lake ni la dola, na mwaka mzima hakuwa amelipa hata senti wala kupokea simu zetu. Meneja wangu, Bi Advera, alimwombea miaka mitatu zaidi na mkopo mpya juu yake, sehemu yake ilipe riba ya ule wa zamani ili hesabu zetu zionekane safi. Ngassa akianguka, tawi linaanguka naye. Faili lake niliandaa mimi, na soda yake nikanywa.

Makao makuu yakamkubalia Ngassa yote. Kuhusu Zuwena walijibu mistari miwili: mdaiwa amekiri kwa maandishi, uzeni dhamana.

"Bi Advera, mimi ndiye niliyemwita," nilisema.

"Basi ungemwacha ajifiche kama wenzake," alinijibu, bila hata hasira. "Kila mtu anasaka fedha, Sadiki. Hawa wadogo ndio tunaowaweza."

Siku sitini za notisi zilipokwisha, dalali akaja. Mnada haukuchukua hata robo saa. Aliyenunua alikuwa msimamizi wa Ngassa, kwa fedha za ule mkopo mpya. Hati ya kumtolea fedha hizo nilikuwa nimeisaini mwenyewe asubuhi. Niliona aibu.

Zuwena alikuwa amesimama kando, akitazama mashine ikipakiwa kwenye lori. Sikuweza kumpita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanigeukia. "Hebu niambie, maana mimi sikusoma sana. Ningedaiwa nyingi zaidi, mngeniacha?"

Jibu nililijua.

"Ni taratibu za benki, mama," nikasema.

"Haya." Akajifunga vizuri ushungi wake. "Lakini wewe nakushukuru. Pale benki ni wewe peke yako uliyeniambia kweli."

Nikaipokea shukrani ile, nikamwambia hakuna neno.