Skibodi Zisizo na Kulia Wala Kushoto

Mguu wangu unavaa namba arobaini na tatu, na mimi ni mwanamke. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotaka kuninyima theluji. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa masomo Guangzhou, ile miaka ambayo jiji lilikuwa linabomolewa, linajengwa na kuuzwa kwa mpigo mmoja. Rafiki yangu wa darasani, binti wa kaskazini kabisa ya China, alinialika kwao kwa sikukuu ya Mwaka Mpya wao. Mjomba wake ana kilima nje ya mji. Kamba inakuvuta juu, wewe unateleza chini, basi. Mimi mtu wa Morogoro nikateleze kwenye theluji. Nilikuwa natembea kwenye korido za hosteli nacheka peke yangu, mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Tatizo ni kwamba viatu vya kukodi pale kilimani vilikuwa vidogo, na mteja wa mguu kama wangu hawakuwahi kumpata. Rafiki yangu akasema nitafute vyangu hukuhuku Guangzhou, maana viwanda vya huku ndivyo vinavyowashonea Wazungu wenye miguu mikubwa. Nitafute na skibodi, akanieleza: mbao mbili fupi, ukizisimamisha zinakufika kiunoni, moja kila mguu, wala hazitaki fimbo. Ndizo zinazomfaa mtu asiyejua lolote. Yeye akatangulia kwao. Mimi nilikuwa na tiketi ya treni ya kesho yake asubuhi, na maduka yote yalikuwa yanafunga siku hiyohiyo ili watu wawahi makwao.

Nikamchukua dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye ni mfanyabiashara wa viatu na nguo, amepanga chumba Dengfeng, mtaa wa Waafrika wengi, na sokoni hachezewi. Ana sheria moja: ukishageuza mgongo dukani, hurudi. Wakikuita, sawa, mnaongea. Wasipokuita, kaza mwendo. Ukirudi mwenyewe laoban atajua umenasa, na tangu siku hiyo wewe ni wa kupangiwa bei. Laoban ndio tunavyowaita wenye maduka wote huku, hata kama duka lenyewe ni kabati.

Tulilipata duka ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja nyuma ya mtaa wa Zhanqian, ambako huuzwa mabaki ya oda za Ulaya. Laoban alikuwa mzee mwembamba wa maneno machache, tayari amevaa koti la safari. Nikamwonyesha mguu. Akautazama kwa muda, kwa heshima kabisa, kisha akapotea nyuma ya maboksi na kurudi na buti za plastiki ngumu zenye bizimu pembeni, nzito kama tofali. Nikaingiza mguu. Ukaingia. Nilipiga kelele hadi muuza soksi wa mlango wa pili akaja kuchungulia.

"Tulia," dada akanifinya. "Unapandisha bei."

Likaja suala la vishikio, yaani vile vidude vya kubana buti kwenye mbao. Alikuwa navyo vya aina mbili. Vya kwanza vikishashika havibanduki mpaka uvifungue kwa mkono. Vya pili vinajiachia vyenyewe ukianguka vibaya. Dada hakuhitaji kufikiri. "Chukua vinavyoshika. Kitu kinachoachia chenyewe ni kibovu, hata zipu." Nikamtafsiria laoban. Hakubisha. Alichukua kijiti chake cha kulia chakula, akabana ncha moja mezani, akazungusha nyingine mpaka kikavunjika. Halafu akaelekeza kidole kwenye muundi wangu.

"Tunachukua vinavyoachia," nikasema haraka.

Lakini hivyo navyo hukazwa kwa kufuata uzito wako: vikilegezwa mno vinakutupa njiani, vikikazwa mno haviachii hata mguu ukivunjika. Laoban akaniuliza uzito wangu. Sikuujua. Basi akanipandisha kwenye mizani ya mizigo, ile ya kupimia maboksi ya kusafirisha, huku dada ameshika kiuno anasoma mshale kwa sauti ya kumtangazia kila mtu. "Huyu haendi kwa ndege," akasema. "Huyu ni wa meli." Nilicheka mpaka mshale ukayumba, laoban akaniomba nisimame vizuri.

Mpaka hapo mimi akili zilishafika kaskazini. Laoban akaleta skibodi zenyewe, nyekundu, zimejikunja kidogo mbele na nyuma. Dada akaziweka sambamba mezani. Akazigeuza. Akazigeuza tena. Nikaona uso wake unabadilika.

"Hizi ni za mguu mmoja."

Lazima niseme kilichomfika. Mwaka mmoja aliwahi kupakia viatu vya kike vizuri sana, na mzigo ulipofunguliwa Kariakoo ukakutwa wote ni wa kushoto. Wafanyabiashara wenzake walimtania kwa hilo hadi akabadilisha mgahawa wa kula. Tangu siku hiyo hanunui kitu cha miguu bila kulaza pea mezani na kutazama kama zinapeana mgongo, yaani moja imepindia kulia na nyingine kushoto. Hizi hazikupeana mgongo. Zilifanana kama ndugu mapacha.

Laoban akasema hazina kulia wala kushoto, zote zinaingia popote. Nikatafsiri.

"Na wale wa viatu walisema hivyohivyo," dada akajibu. Akamwambia mzee wa watu kwa Kichina chake cha sokoni kwamba yeye ni mwizi. Laoban akawa mwekundu. Akazichukua skibodi, akazichukua na buti zangu, akazirudisha kwenye boksi. Dada akanishika mkono tukatoka.

Tulishuka ngazi taratibu, kama inavyotakiwa, ili tuitwe. Hatukuitwa. Tukasikia mlango wa chuma ukianza kuteremshwa kule juu. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Machozi yalikuja bila kuniomba ruhusa, ya mtu mzima mwenye digrii karibu mkononi, nalilia mbao. Nikamwambia dada ukweli: mwezi wa saba narudi nyumbani, sitarudi huku tena, na theluji Morogoro haiji.

Alisimama akanitazama. Akavuta pumzi, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani kama mtu anayekwenda kuomba msamaha ukweni, akageuka. Akapanda ngazi. Sikuwahi kumwona akirudi dukani, na sidhani kama yupo mtu yeyote wa Dengfeng aliyewahi kumwona. Nilipomfuata nilimkuta ameinama chini ya ule mlango ulioshuka nusu, anaongea na viatu vya laoban.

"Laoban, nimekosa. Mdogo wangu anataka kuona theluji."

Bei hakuigusa. Alilipa ile iliyotajwa, na mzee akavua koti lake la safari, akachukua bisibisi, akafunga vishikio kimoja kimoja huku akinivalisha buti ili vikae sawa na urefu wa soli yangu. Alipomaliza alitandika maboksi yaliyobomolewa kwenye vigae vya korido. Dada akanishika mikono yote miwili akaanza kutembea kinyumenyume, ananivuta katikati ya maduka yaliyofungwa. Niliteleza. Kidogo tu, kama kabati linalosogezwa, lakini niliteleza. Dada alicheka, yeye ambaye sokoni hata meno haonyeshi, tukaangukiana, vishikio vikaachia kama vilivyoahidi, na laoban akapiga makofi.

Tulipokuwa tunafunga mzigo dada akaniambia, bila kunitazama, "Mimi miaka yote hii China nimeona soko tu. Ukifika nipigie. Unisimulie vizuri, usiruke kitu."

Nilimpigia kutoka chini ya kile kilima, theluji imeniingia mpaka masikioni, pua siisikii. Nikamsimulia kamba inavyokuvuta, miguu inavyokukimbia ukiwa bado umesimama, upepo unavyokutoa machozi huku unacheka, na jinsi nilivyoishia kwenye majani makavu yaliyowekwa kuzuia watu kama mimi. Nikadhani simu imekatika, nikamwita.

"Nipo," akasema. "Hebu rudia pale ulipoanza kushuka."

Nikarudia. Akaniomba tena, polepole zaidi, na nikamsimulia mpaka salio likaisha.