Kufuli Tatu za Dawa ya Magokoro

Kwiiiiii. Hiyo ndiyo sauti ambayo mpaka leo nikiwa natwanga wimbi inanirudia, maikrofoni ikilia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, kisha kimya, kisha sauti yangu mwenyewe ikitoka kwa spika nne zilizofungwa juu ya mikaratusi, ikivuka bonde, ikigonga kilima cha ng'ambo na kunirudia: "Nilidhani Magokoro amekuwa mraibu." Watu wote waliokuja kuzika wakageuka kuniangalia, mchungaji akiwemo, na mimi nimesimama mbele yao na gambuti mbili ambazo si ndugu, moja yangu na moja ya marehemu babu. Naona aibu hata kuandika, lakini heri mnisikie mimi kuliko kusikia kwa watu wa Keumbu, kwa sababu hao wakiniona sokoni bado wananiuliza kama leo sijabeba sanduku.

Magokoro ni bibi yangu, mama ya baba. Tunaishi sisi wawili tu, juu kidogo ya Keumbu, kwa migomba na mistari michache ya majani chai. Mwaka jana saratani ilimwingia mgongoni, maumivu yakawa hayamruhusu hata kukaa akamenya ndizi, ndipo hospitalini akapewa dawa ya maji inayoitwa mofini, chupa ya plastiki na sirinji isiyo na sindano ya kupimia. Nesi anayetutembelea kutoka Nyamira, tunamwita Sista, alinifundisha pole pole (mimi nilitoka shule kidato cha pili, lakini kwa kupima sijambo): saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na kipimo cha kulalia. Siku ya pili tu Magokoro alitoka mpaka mlangoni akaanza kuwatukana kuku wangu, halafu akasema ugali wangu ni wa kuziba ukuta, na mimi nikacheka mpaka nikalia, kwa sababu alikuwa amerudi.

Alinipa sharti moja. "Usiambie mtu nina nini," alisema. "Wakijua watakuja na sukari, wakae hapo, wanililie nikiwa nawasikia."

Tukaenda hivyo miezi mitatu vizuri kabisa. Halafu akaanza kuuliza saa.

"Kerubo, saa nne bado?"

"Bado, Magokoro. Ni saa tatu."

Kesho yake akauliza saa mbili na nusu. Kesho kutwa saa mbili na robo, na alikuwa ameishika ile leso yake kwa meno. Sasa mimi nina moyo mwepesi na kichwa chenye mambo mengi, na huku kwetu kulikuwa na mtu wa bodaboda aliyekuwa akimeza tembe za maumivu bila kuandikiwa na daktari, akaanza na moja, akafika mahali hata pikipiki yenyewe aliiuza, na kwenye simu nilikuwa nimesoma kwamba mofini ni jamaa ya zile dawa za kulevya. Nikaunganisha hili na lile, nikaona kabisa Magokoro wangu, mzee wa kanisa, akizurura Keroka akitafuta dawa. Namba ya Sista ilikuwa imeandikwa kwenye chupa, kwa herufi kubwa. Sikuipiga. Niliogopa atakuja aichukue dawa yote.

Nikafanya uamuzi wangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Chama chetu cha akina mama kina sanduku la chuma, alilichomelea fundi aliyekuwa na hasira na wezi, lina kufuli tatu na kila kufuli ina mama yake anayeshika ufunguo, ili lisifunguliwe kamwe wasipokuwa wote watatu. Siku hizi mambo ya chama yamehamia kwa simu, sanduku limebaki tupu chini ya kitanda changu, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi (hati yangu inasomeka). Nikawaendea wale watatu mmoja mmoja, nikawaomba wasimwambie mtu, nikawaeleza: chupa kubwa ikae ndani, kila alfajiri mpite, tufungue pamoja, nitoe kipimo cha siku moja kwenye kichupa kidogo, tufunge. Hata Magokoro akilia vipi, hata mimi nikimwonea huruma vipi, haiwezekani kuzidisha. Niliona nimebuni kitu kikubwa. Nilijiona nikialikwa hospitali mbalimbali kufundisha.

Siku nne mpango ukaenda. Siku ya tano ilikuwa Alhamisi, siku ya mazishi ya mzee mmoja wa kilima cha pili. Akina mama walipita alfajiri, wawili wakiwa wamevaa tayari, tukafungua, nikatoa kipimo, tukafunga, nikampa Magokoro cha saa kumi na mbili. Saa mbili na nusu nilikuwa nafagia chumbani, kichupa kiko pale kando ya kioo, redio inaimba, na kwa vile nina ndoto ya kufungua saluni sokoni Daraja Mbili, ufagio ukawa mashine ya kukaushia nywele na mimi nikawa nazungusha kiuno nikimhudumia mteja ambaye hayupo. Kiwiko kikagusa kichupa. Kikaanguka, kizibo sikuwa nimekikaza, dawa ya siku nzima ikanywewa na sakafu ya udongo.

Nilipiga magoti nikaangalia lile doa. Kutoka chumba cha pili: "Kerubo, saa nne bado?"

Nikakimbia kwa Mama Dani, jirani yetu, mwenye ufunguo wa kwanza, ambaye kwa bahati alikuwa hajaondoka, bado anapiga pasi leso. Akaja akafungua kufuli yake. Wa pili, Bosibori, simu inalia tu, yuko mazishini anapika. Wa tatu, Mama Yunia, mwenyekiti wetu, anaongoza waimbaji huko huko, simu imezimwa.

"Tuliweka kufuli tatu mwizi ashindwe," Mama Dani akasema, akiangalia sanduku. "Naona tumeshinda."

Nikabeba sanduku nyuma ya jiko, nikachukua jiwe, nikaanza kugonga kufuli ya pili. Kwa nguvu sana siwezi, chupa iko ndani, na polepole kufuli inanicheka.

"Mnagonga nini huko nje?" sauti ya Magokoro ikatoka dirishani, nyembamba kama uzi. "Kama ni jeneza langu, ngojeni kidogo."

Ilikuwa mzaha, lakini mwisho wa mzaha ulikatika katikati, nikasikia fimbo yake ikianguka. Ilikuwa bado robo saa kufika saa nne. Nikaangalia pembeni nikaona Josefina, mwenzetu wa chama, amesimama kwenye kijia na kikapu cha majani chai mgongoni, mdomo wazi. Sikumwambia kitu. (Mngemwambia nini?) Nikamwomba Mama Dani akae na Magokoro, nikavaa gambuti za mlangoni bila kuangalia, nikapakata sanduku, nikasimamisha bodaboda.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Josefina, kabla sijafika barabarani, alikuwa ameweka sauti yake kwa grupu ya chama: "Akina mama, Kerubo anavunja sanduku letu kwa jiwe, na sasa ameondoka nalo na pikipiki." Kwa hiyo tulipopita Keumbu sokoni, wauza ndizi walisimama kama wanaona harusi, mmoja akauliza, "Kerubo, unahama?" nami nikampungia mkono kwa heshima zote, nikidhani wananionea huruma.

Mazishini ndipo nikaelewa. Akina mama wa chama walitoka kwenye tenti kwa mstari, wamenifungia njia kabla sijashuka.

"Huyo, na analo."

"Na uso wake mzuri hivyo."

"Fungua tuone ulichobakisha."

Mama Yunia alikuja mbio na kitabu cha nyimbo mkononi. Yeye alijua ndani kuna nini. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu alikuwa ameniahidi. Wakamgeukia yeye sasa, "Mwenyekiti, unajua jambo hili? Mnagawana?" naye akanitazama kwa macho ya kuniambia, sema wewe, mtoto. Kelele zikapanda mpaka mchungaji akanyamaza, na mtu wa mitambo, akitaka amani, akatangaza: "Kuna dada hapo na sanduku. Aje mbele aeleze kwa ufupi, mazishi yaendelee."

Maikrofoni ikawekwa mkononi mwangu. Kwiiiiii.

Kwa ufupi mimi sijui. Nilisema samahani kwa wafiwa. Nilisema ndani hakuna pesa hata shilingi, ni mofini ya Magokoro, ana saratani ya mgongo, inatakiwa anywe saa nne na saa nne imepita, nimemwaga ya leo nikicheza densi. Ningenyamaza hapo. Lakini nikiogopa huwa siwezi kunyamaza, nikaendelea kueleza kwa nini ilifungwa, kwamba alikuwa anaiomba kabla ya saa yake, na nilidhani Magokoro amekuwa mraibu. Bonde likarudisha: mraibu. Ndipo nikajisikia. Nilikuwa nimetoa siri yake moja, na juu yake nimempachika jina ambalo si lake, kwa spika nne.

"Mofini si ile ya kulevya?" mwanaume mmoja akauliza nyuma.

Aliyejibu ni mjane. Alikuwa ameketi kando ya jeneza, shingo imefungwa leso nyeupe, na hakuinua sauti.

"Huyu wangu alipiga kelele wiki sita," alisema. "Hiyo dawa tuliambiwa ipo, watoto wakakataa, wakasema atazoea. Hakuzoea. Angezoea lini?" Akaangalia sanduku miguuni pangu. "Bosibori yuko wapi? Mleteni afungue. Na mtu wa pikipiki asiondoke. Ampeleke huyu mtoto mbio, sisi wetu hana haraka tena."

Bosibori akaja kutoka jikoni na unga hadi viwikoni, akafungua fundo la leso yake kwa meno akatoa ufunguo. Mama Yunia akatoa wake. Kufuli zikaanguka, nikatoa chupa, nikaiweka kifuani ndani ya sweta, na wale wale waliokuwa wamenifungia njia wakanipisha, Josefina mwenyewe (alikuwa amefika kwa mguu, anahema) akinisukuma, "Panda, panda."

Nilifika nyumbani saa tano na dakika ishirini. Magokoro alikuwa amelala kiubavu, amejikunja, jasho limelowesha mto, Mama Dani amemshika miguu. Hakunilaumu. Aliangalia sirinji tu, nami nikapima, nikapima tena kuhakikisha, akanywa, nikakaa sakafuni nikihesabu pumzi zake. Baada ya muda mrefu vidole vyake vikaachia leso.

"Kerubo."

"Naam, Magokoro."

"Hizo spika zilikuwa kubwa?"

Nikamwangalia Mama Dani. Mama Dani akaangalia simu yake, kisha dari. Kumbe hotuba yangu ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu.

"Zilikuwa nne," nikasema, nikaanza kulia.

"Mraibu," akasema, akilionja lile neno. "Niliishi na babu yako miaka arobaini na mbili na sikumzoea. Nitazoea maji machungu kwa miezi mitatu?"

Mama Yunia ndiye aliyempigia Sista, kwa ile namba ya kwenye chupa. Sista alikuja kesho yake asubuhi, akamgusa Magokoro mgongo, akamuuliza maswali mengi, ndipo akanigeukia. Alisema wasiwasi wangu si wa bure, ndiyo maana dawa hii inapimwa na kuandikwa, haiachwi ovyo, na haikatwi ghafla. "Lakini mtu anayeomba kabla ya saa," alisema, "kwanza muulize kama anaumwa. Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Siku zote nilimjibu saa tu.

Maumivu yalikuwa yameongezeka, kile kipimo hakikumfikisha tena saa nne. Sista akaongea na daktari wake kwa simu, kipimo kikaongezwa kidogo, na jioni hiyo Magokoro alikula ndizi mbili na kusema nimetia chumvi kama ya ng'ombe. Akina mama walikuja na sukari, kama alivyoogopa, kilo kwa kilo, wakakaa, lakini hakuna aliyelia, kwa sababu Magokoro aliwataka waniige nilivyokuwa nimesimama mbele ya jeneza na gambuti zangu, na Josefina anajua kuigiza. Wakati wa kuondoka wawili kati yao walinivuta kando ya jiko, kila mmoja peke yake, wakaniomba namba ya Sista. Wana watu wanaoumwa nyumbani.

Mimi nimeapa sitagusa tena maikrofoni, na sitabuni tena mpango wowote kuhusu mwili wa mtu mwingine kabla ya kumuuliza mwenye mwili. Ya kwanza itakuwa rahisi.

Sanduku lilirudi kwa mwenyekiti. Sista alisema dawa ikae mahali pa juu watoto wa jirani wasipofika, kwa kufuli moja tu, kwa hiyo nilisafisha kile kikabati cha babu ukutani, nikaweka chupa na daftari la vipimo, nikafunga, nikabaki na ufunguo mmoja mkononi. Ilikuwa alasiri, Mama Dani amekwenda kwake, Magokoro amelala chali kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, mdomo wazi, anakoroma. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikachukua pindo la leso yake, ile yenye alama za meno, nikaufunga ufunguo humo mafundo mawili. Saa kumi na mbili nitamwomba anipe.