Niliiba Mlima wa Baba Mkwe Watu Wakiwa Wamefumba Macho

Nimeiba, tena nimeiba katikati ya sala. Naanza hapo ili usije ukanionea huruma mapema. Sikuwa na njaa, hakuna aliyenituma, na shetani naye hakunipitia. Shetani ana shughuli nyingi hapa Johannesburg; asingepata nafasi ya kunisukuma niibe jarida kuukuu.

Mimi ni Mkenya. Nafanya kazi kwenye kampuni moja ya bima mjini, na nimepanga chumba Berea. Jumamosi wenzangu wakienda mpirani, mimi nazunguka kwa wauza vitabu wa barabarani nikitafuta jarida moja la jiografia na viumbe. Lilianza kuchapwa kabla babu yangu hajazaliwa na bado linatoka kila mwezi. Ninayo chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango. Kila moja nalivika mfuko wa nailoni na kulibandikia namba niliyoiandika kwa mkono wangu.

Raha yake sijui nikuelezeje! Unafungua ukurasa, honi za teksi zinakoma, na uko kwenye barafu, pengwini wanakutazama kama vile wewe ndiye uliyechelewa. Unakunjua ramani, sakafu nzima inakuwa bahari. Mimi huvua viatu kabla ya kuivuka.

Lilinipungua toleo moja tu, lile la mlima wa Nyiragongo, wenye ziwa la moto kileleni. Nililitafuta miaka minne.

Nikalikuta ukweni!

Mchumba wangu anaitwa Furaha, msusi wa Yeoville. Baba yake, Papa Furaha, ni fundi cherehani aliyetoka Goma, chini ya mlima huohuo. Siku hiyo nilikwenda kujitambulisha, na mjomba wangu akiwa mshenga. Mjomba anaeleza kwa sauti tamu kwamba tumeona ua katika nyumba hii, nami macho yangu yako kwenye rafu, kando ya cherehani. Furaha alidhani naona haya. Kumbe nasoma mgongo wa jarida.

Kisha shemasi wa kanisa lao akatuomba tusimame tusali. Wewe hujasali na Wakongomani. Shemasi alianzia kwa Adamu. Alipofika kwa Nuhu nilikuwa nimesogea hatua mbili. Alipofika kwa manabii, mlima ulikuwa chini ya koti langu. Nililipapasa, nikahisi limenenepa katikati. Ramani ingali ndani! Amina yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nyumbani nililivika nailoni, nikalibandikia namba 214, nikaliweka bila kulifungua. Nina desturi yangu: toleo jipya hufunguliwa Jumapili jioni, mikono imenawa, chai mezani.

Jumapili jioni, chai ikiwa mezani, Furaha akanipigia akilia. Kibali cha ukimbizi cha baba yake kimepotea. Alikuwa akikihifadhi ndani ya jarida ili kisijikunje, na Alhamisi alitakiwa kukipeleka kikaongezwe muda. Bila karatasi ile hawezi hata kutembea barabarani kwa amani. Na ubaya zaidi, amemshuku mkewe, kwa sababu Mama Furaha huuza karanga na huchana karatasi kuukuu kuzifungia. Mama amekana, amebeba mkoba wake, amehamia kwa dada yake Hillbrow.

Simu ikiwa sikioni, nilifungua jarida kwa mkono wa pili. Haikuwa ramani. Kibali kilikuwa kimelala juu ya ziwa la moto, na Papa Furaha kwenye picha ananitazama.

Hapo ndipo ningesema. Dakika ileile! Badala yake nikamshauri Furaha tufanye maombi.

Jumanne tukakusanyika. Shemasi alikuwa amembembeleza Mama Furaha arudi, naye alikaa mbali na mumewe, mkoba mapajani. Shemasi akaomba mkono wa mwizi ufichuliwe popote ulipo. Mkono huo ulikuwa chini ya koti langu, unatoa jasho. Nikasogea, nikalirudisha jarida kwenye rafu, nikafumba macho kwa nguvu.

Papa Furaha ndiye aliyeliona. Vigelegele, machozi, nyimbo! Shemasi akatangaza kwamba Jumapili muujiza huu utasimuliwa kanisani.

Mama Furaha hakuimba. Alilichukua, akaligeuza, akaipapasa ile nailoni niliyolivika tena kwa mazoea, akaisoma namba.

“Malaika wa Mungu,” akauliza, “anaandika na bic?”

Nyimbo zilikatika. Furaha aliitazama ile namba, akautambua mwandiko, akaketi.

Nikapiga magoti nikasema yote. Papa Furaha hakufoka. Alikitoa kibali, akakinyoosha gotini kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukikata.

“Mutoto yangu,” akasema, “mutu anakuya kuomba binti, anashindwa kuomba kitabu? Ungeniomba, ningekupa. Ile mulima mimi naiyua bila picha.”

Kisha akamgeukia mkewe, akamwomba msamaha mbele yetu sote. Kumwona mzee yule akiinama kwa kosa langu, heri angenichapa.

Kibali kiliongezwa muda Alhamisi. Mimi nimerudishwa mwanzo kabisa. Mjomba amegoma kuwa mshenga wa mwizi. Furaha ananisemesha, lakini mbele ya wateja wake ananiita kaka. Na Papa Furaha ameamua kwamba kila Jumamosi niende kwake nikajifunze kuomba. Naomba kuingia. Naomba kiti. Naomba maji. Nikitaka kuondoka naomba pia, na siku nyingine nanyimwa mpaka nimemaliza kumenya karanga za Mama.

Jumamosi iliyopita nilijipa moyo, nikapiga magoti nikaomba nipewe Furaha. Papa Furaha alisimamisha cherehani.

“Umeomba muzuri,” akasema. “Juma ingine ukuye, uombe tena.”

Jarida lenyewe liko palepale kwenye rafu. Hilo sijaliomba. Naogopa atanipa.

Nanyi mnaokusanya vitu, iwe stempu, sarafu au vikombe vya babu zenu, nisikilizeni. Ukikipenda kitu cha mwenzako, fungua mdomo. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi yangu iko Jumamosi ya kumi na moja.