Nilivyochagua Kulaza Watoto Nikiwa Sijui Kitu

Ujumbe wa profesa wangu wa Lubumbashi uliingia kwenye simu Jumatatu asubuhi, chai yangu ikiwa bado ya moto. Mistari minne. Kuna nafasi moja ng'ambo, miaka miwili, kusomea usingizi wa upasuaji kwa watoto peke yao. Amelitaja jina langu. Nijibu ndiyo au hapana kabla ya Ijumaa. Kwa nini mimi, hakuandika. Ni mtu wa maneno machache, na siku ile nilimkasirikia kwa hilo.

Mimi ni daktari wa usingizi. Namlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, namchunga akiwa amelala, namwamsha. Watu wazima nawaweza. Watoto nilikuwa nawaogopa, na nalisema waziwazi kwa kuwa wenzangu hawalisemi. Katika masomo yangu yote nilipangiwa watoto miezi miwili tu, na katika miezi hiyo umeme ulikatika hovyo hata operesheni nyingi zikaahirishwa. Nikapata cheti sawa na wengine. Hapa Kolwezi sikumjua daktari hata mmoja aliyesomea watoto, basi hata wa kumwuliza kazi yenyewe ikoje sikuwa naye. Nilitakiwa kuchagua maisha yangu kwa siku nne, tena gizani.

Yaya, dada yangu mkubwa anayeuza vitenge kule Manika, hakunisaidia.

"Miaka yote ile ya masomo," alisema, "na unataka tena kuenda kujifunza kulalisha batoto? Kuya kwangu. Mi nalalishaka batano kila siku, na hakuna mwenye alinipatia cheti."

Nilicheka, halafu nikarudi nyumbani na hofu yangu ileile.

Hospitalini kwetu watoto walikuwa wa Tata. Sote tulimwita hivyo, yaani Baba. Ni muuguzi wa usingizi, mtu wa upande wa Lubudi, ambaye alianza kazi kabla sijazaliwa. Alikuwa na desturi moja: mtoto akifika mlangoni pa chumba cha upasuaji, Tata mwenyewe humpokea mikononi mwa mzazi na kumbeba hadi mezani, polepole, bila kusema neno. Kwa miaka minne niliamini ni huruma ya mzee.

Jumatano aliletwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, mwenye ngiri. Baba yake alikuwa kijana mchimbaji wa madini kule Mutoshi. Mama alikuwa nyumbani na kichanga cha wiki moja. Mizani ya wadi ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita na kadi ya kliniki ilisahaulika nyumbani, kwa hiyo nilimwuliza baba uzito wa mtoto. Dawa zetu zote tunazipima kwa kilo, na kwa mtoto mdogo kilo tatu si jambo la mchezo.

"Kumi na mbili, Docta," alijibu upesi. "Balimupima juzi ku dispensaire."

Nikapiga hesabu, nikavuta dawa kwenye sindano, nikaziandika zote. Tata akampokea mtoto mlangoni, akatembea hatua mbili, akasimama.

"Docta, umeandika kilo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Huyu hafike kumi."

Nilikasirika. Mbele ya daktari wa upasuaji na wauguzi wote, mzee anapinga hesabu yangu kwa kitu gani, kwa mkono? Nikatoka nje kumtafuta baba, na nasema kweli, nilitoka ili nithibitishe kwamba Tata amekosea.

Baba alikuwa amechuchumaa ukutani. Nilipouliza mara ya pili aliangalia chini.

"Balance yao ilionyesha tisa," alisema. "Mi niliongeza tatu."

"Kwa nini uongeze?"

"Docta, balance zote zinaibaka. Kule ku depo, kwenye tunauzisha mawe, mufuko ya kilo makumi tano, yao inasoma makumi ine. Sisi bote tunajua, tunaongezaka mu kichwa, njo tunapata kilo ya kweli. Sikupenda bamupunguze mutoto yangu."

Nilitaka kumgombeza, nikaacha. Anafanya hesabu hiyo kila siku, na kule Mutoshi ni hesabu sahihi. Kosa lilikuwa langu, la kuuliza na kuamini. Nilirudi ndani, nikamwaga sindano zote, nikaanza upya kwa kilo tisa. Mtoto alilala, akapasuliwa, akaamka analia kwa hasira, na kilio hicho ndicho tunachokitaka. Nilinawa mikono kwa muda mrefu sana.

Alhamisi mchana tulikaa mimi na Tata kwenye benchi nyuma ya jiko la hospitali, tunakula bukari, ndio ugali wetu, na samaki tomson. Nilimwambia habari ya nafasi ile, na kwamba nitaikataa. Nikamwambia, jana usingekuwapo ningemuumiza mtoto wa watu, na mtu wa namna hiyo hawezi kujiita mtaalamu wa watoto.

Aliendelea kukanda tonge lake.

"Unaogopa?"

"Sana, Tata."

"Mi pia. Kila asubuhi. Unazani nababeba juu ya nini? Juu niko naogopa kilo ya mu karatasi." Akatafuna, akameza. "Lakini wewe banakupatia bantu ba kuuliza. Mi, miaka hii yote, ningeuliza nani?"

Yeye akaenda bombani, akanawa, akarudi na kalamu ya mfuko wake wa kifuani.

"Andika," alisema.

Nikageuza fomu moja ya usingizi na kuandika nyuma yake. Alikuwa na maswali saba, na aliyasema bila kusita, kama mtu anayeagiza vitu vya sokoni. La kwanza lilikuwa hili.

"Kulikuwa mutoto mwanamuke, miaka ine. Mi nilikuwa kijana bado. Alivunjika muguu, balimupasua, ilienda muzuri. Aliamuka, akaita mama yake. Kiisha saa kidogo, mwili yote ikaanza kutetemeka, akakufa. Balisema malaria. Mi sikuamini hata siku moja. Ubaulize nilikosa wapi."

Jioni ile nilimjibu profesa: Ndiyo, lakini kuhusu watoto sijui kitu. Akajibu kwa neno moja: Najua.

Mwezi wangu wa tatu huko ng'ambo, mwalimu alifundisha kuhusu maji tunayotundika kwenye mshipa. Serumu ya sukari isiyo na chumvi, alisema, ikiingia nyingi kwa mtoto mdogo aliyetoka kupasuliwa, ubongo huvimba. Mtoto anaamka vizuri, anazungumza, halafu baada ya saa kadhaa anaanza degedege. Niliacha kuandika. Kwetu, serumu ya chumvi ikikosekana stoo, ni ya sukari inayotundikwa, na mimi mwenyewe nilizipita chupa zile wadini miaka minne bila kuzitazama.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Ningeweza kumwambia Tata ilikuwa malaria. Angekubali, au angejifanya amekubali, na angelala. Nilijisikia vibaya kwa kuliwaza, na vibaya zaidi kwa kuendelea kuliwaza. Jumapili, baada ya saa ya ibada yake, nikampigia nikamweleza yote, polepole, nisiruke kitu.

"Njo kusema ilikuwa serumu," alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Ni mi nilitundika."

"Ndiyo. Lakini wakati ule kila mtu alifanya hivyo."

"Sikukuuliza juu ya kila muntu."

Nilisikia pikipiki zikipita nyuma yake barabarani, na mtu akimsalimia, naye hakuitika.

"Docta," alisema, "kuko mutoto mu wadi ya bapasuliwa. Juzi alitoka ku meza. Leo asubuhi nilimutundikia ile ile."

Akakata. Nilikaa kitandani na simu mkononi karibu saa nzima. Nilimpigia mara tatu, hakushika. Nililia, kwa hofu na kwa hasira ya kuwa mbali.

Alipopiga alikuwa anahema.

"Nimeitoa. Mutoto eko anakula uji, na eko anatusi mama yake. Kesho naenda kuongea na ba pharmacie." Nikasikia akivuta kiti. "Ile karatasi ya maswali unayo?"

"Ninayo."

"Soma ya pili."