Vikapu vya Wageni

Mpaka leo nikisikia mtu akisema utalii unaleta maendeleo, damu hunichemka. Sikatai, maendeleo yalikuja. Yalikuja hadi kwenye geti la hoteli, yakasimama hapo.

Hoteli yenyewe ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, upande wetu wa Boito, juu ya maporomoko ya maji ambayo sisi tuliyajua kama mahali pa kuteleza na kuvunjika mguu. Ikaletewa barabara ya lami. Kutoka getini hadi kituo cha kununulia majani chai ni mwendo mfupi tu, lakini huko kulibaki tope. Mvua ikinyesha lori la kiwanda lilikwama, na chai yetu ikaharibika ikilingoja. Mama yangu alikuwa mjane mwenye shamba dogo la chai, nami nilikuwa nimemaliza shule nikawa nachuma naye. Alichotaka wakati ule ni kitu kimoja: lami isogee mpaka kituoni.

Kwa hiyo chifu alipoita baraza, mama alikaa mbele.

"Nyinyi akina mama," chifu alisema, "hawa wageni wa hoteli wanataka kuona chai. Alhamisi mkae hapo barabarani na vikapu imejaa kabisa, na nguo safi. Wakifurahi, lami itafika mpaka kwa kituo."

Alhamisi tulichuma umande ukiwa bado haujakauka. Mtu yeyote wa kwetu anajua majani yakishachumwa hayangoji. Unayamwaga kivulini, unayageuzageuza yapate hewa, halafu unakimbia nayo kituoni. Yakibanana kikapuni yanapata joto yenyewe na kuwa mekundu. Lakini chifu alitaka vikapu vifurike, na majani hayakai juu ya kikapu bila kushindiliwa. Mama, aliyekuwa akinikemea nikiegemeza hata kiwiko juu ya majani, aliyashindilia kwa mikono yake miwili.

Wageni waliahidiwa asubuhi. Walifika jua likiwa limepinda, wameshiba, kwenye basi dogo la madirisha makubwa. Walipiga picha, wakamwonyesha mama kwa vidole jinsi ya kutabasamu, mmoja akampa peremende. Kisha wakarudi hotelini kunywa chai.

Tulikimbia kwenye lile tope hadi kituoni. Karani aliingiza mkono katikati ya kikapu cha mama, akautoa haraka.

"Mama, hii imeungua," alisema. "Siwezi chukua."

Majani ya mama hayakuwa yamewahi kukataliwa. Hakubishana. Aliyamwaga nyuma ya kituo, pamoja na ya wenzake wote waliosimama barabarani, na lundo likawa linafuka mvuke. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilitaka kumfuata chifu hadi nyumbani kwake nimmwagie yale majani mlangoni. Mama akaniambia twende tukakamue ng'ombe.

Lami haikuja. Badala yake chifu alirudi na habari kwamba wageni wengine wako njiani, na vikapu vijae vilevile. Nilimwambia mama akienda tena barabarani, mimi na chai basi. Akanijibu niamke mapema.

Siku hiyo tulichuma, tukapeleka majani moja kwa moja kituoni, yakapokelewa. Kisha mama akashuka mtoni, akakata magugu, akayajaza kikapuni na kuyashindilia kwa goti. Juu akapanga chai kidogo, majani mawili na kichipukizi, taratibu kama anayepanga mayai. Barabarani nilichungulia vikapu vya wengine. Kimoja kilikuwa na nyasi za ng'ombe, kingine majani ya viazi vitamu.

Chifu alipita akikagua, akatusifu. Mgeni mmoja, mwanamke mzee mwenye kofia pana, aliinamia kikapu cha mama, akavuta pumzi ndefu, akasema kitu.

"Anasema hajawahi kunusa chai nzuri hivi," chifu alitafsiri, kifua mbele.

Mama akatabasamu bila kuonyeshwa.

"Mwambie asante," alisema. "Na umwambie chai yenyewe iko kituoni. Kama anataka kuiona, apitie kwa tope."

Chifu hakutafsiri.