Mama Tope wa Redioni

Semei alikuwa karani wa kawaida katika kiwanda cha sabuni mjini Jinja, mpaka siku ile Ajit, mwenye kiwanda, alipolalamika kwamba matangazo ya kusifu povu yamewachosha watu.

"Watu wanataka hadithi," alisema. "Nipe mtu wa kuchekwa."

Semei akampa Mama Tope: mwanamke mzembe anayerundika nguo chafu mpaka majirani wanaziba pua, kisha anaokolewa na kipande cha sabuni. Redio ikamtangaza asubuhi na jioni. Haukupita mwezi, Jinja nzima ikamjua. Hata watoto wa shule waliigiza sauti yake.

Ila Mama Tope hakuzuka tu kichwani mwa Semei. Mwaka uliotangulia, yeye na mkewe Janepher walimzika mtoto wao wa miezi saba. Kwa majuma mengi Janepher hakugusa beseni. Nguo zikarundikana, na majirani mtaani kwao Wanyange wakaanza kunong'ona. Siku moja akawageukia: "Uchafu ni wangu, nyinyi unawawashia nini?" Maneno hayo hayo ndiyo Semei aliyoyatia kinywani mwa Mama Tope.

Majirani waliyatambua mara moja. Sokoni, Nulu muuza samaki alimwita Janepher "Mama Tope", na wanawake wote wakaangua kicheko.

"Muue," Janepher alimwambia mumewe jioni ile. "Umemtunga wewe, unaweza kumuua."

"Ni mchezo tu, Janepher. Tena ndiye anayetulisha."

"Mimi nilikuwa nalia, Semei. Wewe kumbe ulikuwa unaandika."

Wiki ile Semei aliandika visa vingine vitatu. Janepher akafunga mzigo, akarudi kwao Wanale, Mbale.

Miaka minne baadaye kiwanda kilimwacha Mama Tope, kikaleta katuni ya bata anayecheza ngoma kwenye simu za watu. Semei naye akaambiwa hahitajiki tena. Ndipo akapanda gari la Mbale.

Alimkuta Janepher akipalilia vitunguu. Janepher alimkaribisha, akampa chai, akamuuliza habari za safari kama mgeni yeyote.

"Mama Tope amekwisha," Semei alisema.

"Nilisikia. Wamemwondoa wenye kiwanda. Si wewe."

Akachukua jembe, akarudi kwenye matuta yake. Semei akamaliza chai ile, chungu kama shubiri kinywani mwake, akateremka peke yake hadi barabarani.