Ndege Yetu Iliyotolewa Zawadi

Enzi zetu, mtoto alikuwa hana chake. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua wenzangu wa rika langu. Tukishaanza kukumbuka, tunapenda kusema tulikuwa na adabu, tulikuwa na heshima, mtu mzima hajakufikia na shikamoo imeshatoka. Ni kweli, na mimi nilikuwa hivyo. Lakini kuna jambo moja la miaka ile ambalo nikilikumbuka chakula kinanishinda, na leo sitalipamba.

Nilikulia Endagikot, karibu na mji wa Mbulu. Wa kwetu mnazijua asubuhi za Julai. Ukungu unalala bondeni mpaka saa nne, unakwenda shule umejifunga kitenge cha mama mabegani, visigino vimepasuka kwa baridi, na mkononi una kiazi kitamu cha kuchoma ambacho kazi yake ya kwanza ni kupasha vidole moto na ya pili ndiyo kuliwa. Ukungu ukiondoka, upepo unaanza. Unatoka mashariki, unapiga ubavu wa kilima, na kwa kuwa hauna pa kupita unapanda juu. Ukisimama pale ukingoni ukarusha kofia mbele, inakurudia na kupita juu ya kichwa chako.

Wenzetu walicheza rede na gololi. Sisi watatu tulirusha ndege.

Si ndege ya karatasi. Ilikuwa ndege hasa, isiyo na injini, mabawa yake marefu kuliko mikono ya mtu mzima aliyeinyoosha, na iliongozwa kwa rimoti yenye vijiti viwili na antena ndefu. Ilitoka kwa mzungu mzee, fundi mitambo wa karakana ya misheni, ambaye sote tulimwita Bruda. Kila Jumamosi alipanda nayo kilimani, nasi tukamfuata mpaka akachoka kutufukuza akaanza kutufundisha. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kama chetu. "Ukigeuka, geukia kwenye upepo," alikuwa akisema. "Ukigeukia kilima, kilima kitaila."

Boay, mtoto wa jirani yetu, ndiye aliyekuwa fundi wetu. Baba yake aliranda mbao kwenye karakana ileile, na Boay alizaliwa na mikono ya baba yake. Gidamuda alitoka Nangwa, kule Hanang, kwenye ukoo wa wafugaji, akakaa kwa shangazi yake ili asome. Darasani alikuwa wa mwisho. Ila mpeleke kilimani: anatazama majani yanavyolala, anamtazama mwewe anavyokaza bawa, kisha anasema, "Ngojeni kidogo, unageuka," na kweli upepo unageuka. Mimi, Fausta, nilikuwa na vidole vyepesi, kwa hiyo rimoti ilikaa kwangu. Wasichana wenzangu walinicheka. Nilikuwa na muda wa kuwasikiliza?

Bruda alipozeeka na kuitwa arudi kwao, alituita karakana, akampa Boay ndege na mimi rimoti, akamgeukia baba yake Boay aliyekuwa ameshika randa. "Wewe shahidi," alisema. "Hii si ya misheni, si ya shule. Ni ya hawa watatu."

Mwaka mzima ulikuwa wetu. Betri zikiisha nguvu tulizianika juu ya bati zipate joto, zikatupa dakika chache tena. Bawa likivunjika tulikwenda kwa nesi wa zahanati kuomba maboksi meupe mepesi yaliyokuja na dawa za chanjo, Boay akayachonga kwa wembe. Bawa tulilifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Gidamuda ndiye aliyerusha: anakimbia hatua tatu, anaiachia ukingoni, inazama kidogo mpaka upepo uibebe. Baada ya hapo kimya, isipokuwa mluzi mwembamba wa mabawa. Mwewe walikuja kuikagua. Chini mama anaita, "Fausta! Kuku wanamaliza mahindi na wewe uko mawinguni!" Na kweli nilikuwa huko.

Kisha yakaja mahafali ya darasa la saba, sisi tukiwa bado darasa la chini yao. Mgeni rasmi alikuwa bwana mkubwa mmoja wa mjini. Siku mbili kabla, mwalimu mkuu alituita ofisini. Hakuwa amewahi kuitazama ndege yetu ila kutuchapa tulipochelewa namba ya asubuhi kwa ajili yake. "Mtarusha mbele ya mgeni," alisema. Tulifurahi, naapa. Mama alinifulia sare mara mbili.

Tulipanda kilima nyuma ya shule, watu wote wakiwa uwanjani wameinua vichwa. Gidamuda alingoja, akangoja, mpaka mwalimu wa michezo akaanza kupiga kelele kule chini. Kisha akaiachia. Sijawahi kurusha vile tena. Niliipeleka juu mpaka ikawa ndogo kama leso iliyopeperushwa, nikaishusha juu ya mapaa ya madarasa, nikaipandisha tena, nikaja kuilaza kwenye majani kando ya uwanja. Mgeni rasmi alisimama akapiga makofi.

Tulishuka mbio. Mwalimu mkuu alikuwa ameshashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, hii ni kazi ya shule yako, chini ya uongozi wangu. Shule yetu haina ng'ombe wa kukupa. Inakupa ndege."

Akanijia, akanyoosha mkono, akachukua rimoti kutoka mikononi mwangu. Hakunipokonya. Aliichukua tu, kama mtu anavyochukua kikombe chake mezani. Kisha akawageukia wanafunzi. "Makofi!"

Nilipiga. Mtoto wa kike mwenye adabu, nilipiga makofi ndege yangu ikiingizwa kwenye gari la watu. Boay alipiga huku machozi yanamtoka, na mama mmoja pembeni akasema, "Angalia, mtoto analia kwa furaha." Gidamuda peke yake aliweka mikono nyuma.

Wageni walipoondoka, mwalimu mkuu alimwita mbele ya mstari.

"Kwa nini hukupiga makofi?"

"Ile si ya shule, mwalimu."

"Kumbe Kiswahili cha kujibu wakubwa unakijua. Cha kusoma ndicho hujui."

Alichapwa mbele yetu sote. Hakuna mwalimu aliyesema neno. Mimi pia sikusema neno.

Nyumbani nilimweleza mama tukiwa tunachambua maharage. Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, nimekuja kuulizia ndege ya watoto."

"Ndege ya shule, mama."

"Bruda aliwapa watoto. Baba Boay alikuwepo."

Mwalimu alicheka. "Mama Fausta, mtoto ana nini? Hata hiyo sare aliyovaa ni yako."

"Basi kama vyake ni vyangu, na ndege ni yangu," mama alisema. "Na mimi sijaitoa. Mgeni wako humchinjii ng'ombe wa jirani."

Kicheko kikaisha. "Nenda ukamwombe mwenyewe, kama huoni aibu."

"Aibu si yangu," mama akasema, akageuka.

Jumamosi tulitembea mpaka mjini: mama, Boay na mimi. Gidamuda mgongo ulikuwa bado unamuuma. Nyumba ya bwana yule ilikuwa na geti la chuma, na sisi tulikuwa na vumbi mpaka magotini. Tulipokelewa vizuri, lazima niseme. Mkewe alitukaribisha chai. Mama alikataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule ile na kueleza yote, polepole, kwa Kiswahili chake cha shambani, bila kupandisha sauti.

Bwana yule alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, mimi niliambiwa shule ndiyo imeitengeneza," alisema. "Watoto wangu wameirusha kutoka kibarazani. Sijui kama imebaki kitu."

Alikwenda mwenyewe nyuma ya nyumba akarudi na gunia na rimoti. Bawa lilikuwa limevunjika katikati, mkia haupo, nyaya zimechomolewa. Alimkabidhi Boay kwa mikono miwili. "Mnisamehe," alisema, bwana mkubwa yule, akiwaambia watoto wenye vumbi. Hakuwa na kosa lolote, akaomba msamaha. Mwenye kosa hajaomba mpaka leo.

Boay alifanya kazi wiki sita. Bawa lilipona, mkia ukapatikana, lakini ndege ikawa inageuka upande mmoja tu, kushoto. Na Gidamuda hakuwepo tena. Likizo ilipofika alikwenda kwao Nangwa, shule ilipofunguliwa hakurudi. Shangazi yake alisema amesema hasomi tena, atachunga. Tulimngoja mpaka tukachoka, ndipo tukapanda kilimani wawili. Boay akaiachia ukingoni. Ikapaa, ikageuka kushoto, ikageuka kushoto tena, na nilipoanza kuamini kwamba mambo yamekuwa sawa, upepo ukabadilika. Hapakuwa na mtu wa kutuambia. Nilivuta kijiti mpaka kidole kikauma, haikukubali. Ilikigeukia kilima, na kilima kikaila. Rimoti ilikaa kabatini kwa mama mpaka betri zikavujia ndani yake.

Sasa, mwezi uliopita, kwenye kundi letu la simu la waliosoma shule ile, mtu mmoja ametuma picha ya zamani ya siku ile. Mwalimu mkuu yuko katikati, kifua mbele, ameshika ndege, anamkabidhi mgeni. Chini ameandika: "Mwalimu wetu aliyetufundisha kurusha ndege. Enzi zetu kulikuwa na walimu!" Vikatumwa vikono vya makofi visivyohesabika. Mwalimu mwenyewe, sasa mstaafu, yumo kundini. Akashukuru.

Niliandika: "Shikamoo mwalimu. Ile ndege ilikuwa yetu."

Kisha wakaanza. Dada Fausta, yameshapita. Dada, mzee huyu, tumheshimu. Mmoja akanitumia aya ya kusamehe. Mwisho mwalimu akajibu: "Marahaba. Mlikuwa watoto. Ilikuwa kwa heshima ya shule."

Mlikuwa watoto! Nimelibeba neno hilo wiki nzima kama kokoto kwenye kiatu. Nikaandika: "Gidamuda alichapwa kwa kusema kweli, akaacha shule." Asubuhi yake mtu akatuma tangazo la harusi.

Mimi siku hizi ninaishi Katesh, na Nangwa si mbali. Jumapili nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta Gidamuda zizini, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ana wajukuu. Tulisalimiana kwa muda mrefu, nikampa simu aone. Aliitazama picha, akaikuza kwa vidole, akapita kwa mwalimu, akapita kwa mgeni, mpaka kwenye ukingo wa picha, kwenye safu ya wanafunzi.

"Huyu ni mimi."

Kweli. Mikono ya wote imeinuliwa, yake haionekani.

"Ulikuwa jasiri," nikamwambia.

"Jasiri wapi! Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikaificha." Akacheka, kisha akauliza, "Iliishia wapi ile ndege?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anatazama mlima Hanang.

"Upepo uligeuka?"

"Uligeuka."

"Jua lilikuwa limeinama?"

"Limeinama."

"Ningewaambia," alisema. Akarudi kufunga zizi.

Kijana wa kaka yangu ana ile ndege ya siku hizi yenye mapanga manne, anapiga nayo picha za harusi, miwani ya jua usoni hata kukiwa na mawingu. Betri ikipungua inarudi yenyewe, inatua miguuni pake kama njiwa wa kufugwa. Nilimsimulia habari hii yote. Akaniuliza, "Shangazi, sasa hiyo yenu ilikuwa na kamera?" Nikamwambia haikuwa nayo. "Sasa mlikuwa mnarusha ya nini?"

Nikamkasirikia kidogo. Hajui upepo unatoka wapi. Hajawahi kukaa kwenye majani nusu siku akiungoja, na mwenzake anamwambia bado, bado. Lakini wiki ileile nilimwona kwenye sherehe moja. Mzee wa kamati, mwenye fimbo na koti, akamwambia amwachie mtoto wa mgeni achezee chombo kile. Kijana akainama kwa adabu. "Shikamoo babu. Hapana, hii ni yangu." Mzee akaguna, akapita. Mbingu hazikuanguka. Hakuna aliyechapwa. Mimi nimesimama pale, umri wangu huu, sahani ya wali inapoa mkononi.

Kumbe ilikuwa inawezekana kusemwa. Maneno matatu tu.

Wenzangu mtaendelea kutumiana picha na kusema enzi zetu, enzi zetu. Semeni. Mimi ningepewa kuchagua, ningechukua upepo wa wakati ule na midomo ya watoto wa leo.